Mjadala: Maji Yakishatoka, Nani Amlinde Mwenye Nyumba?

Desemba 2011 mvua iliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam na kuwatoa maelfu katika bonde la Msimbazi. Maji yakarudi Aprili 2018, yakarudi Oktoba 2020, na katika msimu wa El Niño wa 2023 hadi 2024 kuna mitaa ya Kinondoni na Temeke iliyokaa na madimbwi kwa miezi. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri wengine wapatao 200,000. Siku tisa baadaye kimbunga Hidaya kikafika pwani upande wa Mafia.

Hesabu hizo ni za waliokufa na za walioathirika. Kuna hasara nyingine isiyoingia katika hesabu yoyote. Ni ile ya wiki inayofuata, tope bado liko sebuleni na mtu anabisha hodi akiwa na tepu mkononi, akiahidi kuushika ukuta kabla haujaanguka. Fedha iliyochangwa na ndugu inaondoka naye, au anaacha lipu juu ya ufa, na masika yajayo ukuta unalala chini.

Hapo ndipo watu wanapobishana. Wako wanaosema mwenye nyumba kajitakia, mjini shule, kwa nini hakuandikishana? Wengine wanasema aliyelala nje na watoto hana nafasi ya kuandikishana. Hoja zao nimezipanga katika vinywa vya wazungumzaji watano: mama mwenye nyumba wa Basihaya, fundi ujenzi wa Mbagala, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwanasheria na mhandisi. Wazungumzaji nimewaunda mimi, lakini ubishi wao ni wa mitaa yetu.

Duru ya kwanza: Amejitakia?

MAMA MWENYE NYUMBA: Nianze na siku yenyewe, maana wanaotuhukumu huanza na siku ya tatu. Maji yanaingia usiku. Unanyanyua watoto, unanyanyua unga na madaftari ya shule, godoro unaliacha. Yakipungua, nyumba inanuka choo, kwa sababu wako wenzetu huko juu wanaosubiri mvua ndipo watapishe vyoo vyao. Watoto unawapeleka kwa wifi yako, nawe unajua siku za kukaa kwa watu zina mwisho. Hapo anakuja kijana na tepu. Anapima ufa, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, ukuta huu haufiki Ijumaa." Anataja bei, anataka nusu leo ya saruji na nondo, kwa sababu eti kesho vitapanda. Unampa. Anapanda bodaboda kwenda dukani, na simu yake haipatikani tena. Kesho mtaa mzima unasema mama fulani kaingizwa mjini. Nauliza: nani kati yenu, watoto wake wako kwa watu, angesema ngoja kwanza nitafute mashahidi?

MWANASHERIA: Pole sana, mama. Sikuhukumu hata kidogo. Lakini ukija ofisini kwangu na habari hiyo, swali la kwanza ni moja: una nini mkononi? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inampa kifungo cha hadi miaka saba mtu aliyejipatia mali kwa udanganyifu. Sheria tunayo. Kinachotushinda ni ushahidi. Polisi watataka kujua kama huyu alikusudia kukuibia tangu anabisha hodi, au ni fundi aliyezidiwa na kazi. Akiwa wa kwanza, hiyo ni jinai. Akiwa wa pili, utaambiwa nenda kafungue madai. Na wewe ulimpa noti mkononi, huna hata jina lake kamili.

MAMA: Ningempa vipi?

MWANASHERIA: Ungemtumia kwa simu. Kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linatokea. Ulinganishe na kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, ambacho umekipiga picha. Majina yakipishana, hela haiondoki. Yakilingana, muamala unabaki katika kumbukumbu za kampuni ya simu, na huo ni ushahidi ambao hawezi kuukana.

MAMA: Na akisema laini ni ya mke wake?

MWANASHERIA: Basi mke naye aje na kitambulisho. Fundi mwenye nia ya kufanya kazi hawezi kuliona hilo gumu.

MWENYEKITI WA MTAA: Wakili, unayosema ni kweli, ila unamsemesha mtu kana kwamba yuko mezani kwako. Nimewaona wananchi wangu asubuhi ya mafuriko. Mtu aliyezoea kuhesabu chenji dukani mara mbili, siku hiyo hasikii hata jina lake ukimwita. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana anakuja siku ya pili au ya tatu, hasubiri mwezi. Na si kwetu tu. Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, Wizara ya Sheria ilibidi iunde kikosi maalumu cha kufuatilia ulaghai uliofuata. Huko kuna bima, kuna leseni, kuna mahakama za kila aina, na bado watu waliibiwa. Kwa hiyo tusimwambie mama huyu kwamba kosa lake ni ujinga.

Duru ya pili: Fundi si tapeli

FUNDI: Mwenyekiti, naomba nizungumze kabla hatujamalizwa wote. Nilianza kama saidia fundi, nikichanganya zege kwa koleo. Nilikuwepo Mbagala mwaka 2009, mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka Aprili 29 na nyumba za watu zikapasuka kuta. Tuliezua, tukaziba, tukapaua upya. Nyumba nilizoshika wakati ule nikipita leo nasalimiwa. Sasa kila mvua ikinyesha fundi anaonekana mwizi. Na mimi nina yangu ya kusema juu ya wenye nyumba.

MAMA: Sema, fundi, tunakusikiliza.

FUNDI: Mwenye nyumba anaita mafundi watatu. Wawili wanamweleza ukweli: msingi umeliwa na maji, lazima tuchimbe, tumwage zege, tujenge upya kona hii. Wa tatu anasema nitapiga lipu, siku mbili imekwisha, kwa theluthi ya bei. Anachukuliwa nani? Halafu ukuta ukianguka, mafundi wote ni matapeli. Mwingine anakupa kazi, ukifika nusu anasema hela imeisha, njoo mwisho wa mwezi. Mimi nina watoto. Ndiyo maana wengine wetu tunang'ang'ania advansi kubwa, tumeshaumizwa.

MHANDISI: Hapo fundi amegusa jambo ninalotaka kulieleza vizuri. Ufa si ugonjwa, ni dalili. Maji yanapokaa yanalainisha udongo chini ya msingi, upande mmoja wa nyumba unatitia, ukuta unapasuka. Ukiziba ufa kwa lipu umeficha dalili tu. Dada zangu na kaka zangu, fanyeni jambo dogo lisilo na gharama: piga alama ya penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, fanya hivyo pia katikati kwa kuchora mstari unaokatiza ufa. Rudi baada ya wiki mbili. Ufa ukiwa umepita alama, nyumba bado inasogea, na anayekuambia tupige lipu leo anakula hela yako. Pia ukuta ulioloa unahitaji kukauka kabla ya lipu mpya na rangi, la sivyo vitabanduka. Kwa hiyo haraka ya tapeli inapingana na ujenzi wenyewe. Ukuta ulioinama au unaotikisika ni habari nyingine: toka ndani, weka mihimili ya kuushikilia, ita anayejua.

MWANASHERIA: Mtaalamu, huyo anayejua tunamtambuaje? Kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa nini tusiseme tu kwamba asiye na usajili asiguse nyumba?

FUNDI: Wakili, mkandarasi aliyesajiliwa, hata wa daraja la saba ambalo ndilo la chini, hawezi kuja Charambe kujenga kozi nne za tofali upande wa jikoni. Akija, bei yake mama hawezi. Nyumba zetu zimejengwa na mafundi wa mtaani na zitakarabatiwa na mafundi wa mtaani. Ukitaka karatasi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Unapimwa, unapewa cheti. Wenzetu wengi wamekipata. Mtake mtu cheti hicho, au mtake akuonyeshe nyumba tatu alizozishika zikapita masika mbili zikiwa zimesimama. Mtu wa kweli atakupeleka kwa miguu.

MAMA: Na vifaa je? Hapo ndipo tunapoibiwa bila kujua.

FUNDI: Nunua mwenyewe, lakini nenda ukijua. Bati, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Dukani wanaweza kukuandikia 30 na kukupakilia 32. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, usisome risiti tu. Tofali la inchi sita, uliza mfuko mmoja wa saruji umetoa mangapi. Yakizidi hamsini, hilo tofali usilijengee nyumba yenye watu. Uliza pia yamemwagiliwa maji siku ngapi, maana tofali lililokauka juani bila kumwagiliwa linabomoka kwa vidole. Nondo ya milimita 12 ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Mbao za kenchi, zilizotibiwa dawa kweli rangi imeingia ndani, zisizotibiwa zimepakwa juu tu. Kata ncha kidogo utaona.

MHANDISI: Na ukikuta umeuziwa bandia, usiishie kulaumu. Shirika la Viwango lipo kwa ajili ya ubora, Tume ya Ushindani kwa bidhaa bandia, Wakala wa Vipimo kwa mizani na ujazo. Risiti ya kielektroniki ndiyo tiketi yako ya kusikilizwa huko. Duka linalokupunguzia bei usipotaka risiti linanunua pia kunyamaza kwako.

Duru ya tatu: Kishoka, namba ya simu na orodha ya waathirika

MWENYEKITI: Mmezungumza juu ya kuta. Mimi ninaogopa zaidi umeme. Mafuriko yakipita, mtaa uko giza. Anatokea mtu na fulana inayong'aa, anasema yeye ni wa TANESCO, shirika la umeme, mpe kidogo akurudishie umeme leo. Hawa ndio vishoka, tunaishi nao miaka yote, na mafuriko ndiyo mavuno yao.

MHANDISI: Hapo hakuna mjadala, mwenyekiti, ni suala la uhai. Nyumba iliyoingia maji, mtu azime meni swichi kabla hajakanyaga tope, kama anaweza kuifikia akiwa pakavu na mikono mikavu. Akishindwa, asiingie, apige simu TANESCO. Soketi zilizozama zifunguliwe na zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mtake akuonyeshe leseni hiyo, usome jina na daraja lake. Mtumishi halisi wa TANESCO ana kitambulisho, na fedha ya shirika inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haiingii katika simu ya mtu. Hili la kutolipa mkononi lingefuatwa peke yake, vishoka wengi wangekosa kazi.

MAMA: Kuna wengine hata hawagusi nyumba. Wanakuja na daftari. "Mama, tunaandikisha waathirika, fomu ni elfu tano, watakaoandikwa watapewa viwanja." Nasi tunakumbuka mwaka 2012 watu wa Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande kweli, kwa hiyo unaamini.

MWENYEKITI: Niseme wazi, kuandikishwa kuwa mwathirika hakulipiwi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Anayeandikisha kwa halali atapitia ofisi ya mtaa na ya kata, mtamwona na mimi au na mtendaji. Akija peke yake na daftari, mleteni ofisini.

MWANASHERIA: Na hata chombo kikiwa na sura ya serikali, tuulize. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilibomoa maelfu ya nyumba na watu nchi nzima wakachanga. Mwisho wa mwezi huo huo Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Tuhuma ni tuhuma, sitaki kusema zaidi ya hapo. Funzo langu ni kwamba jina la akaunti halitoshi kuwa uthibitisho. Michango ya mtaa iwe na namba iliyotangazwa hadharani, na mapato yasomwe mbele ya watu.

MAMA: Na zile meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii"?

MWANASHERIA: Siku za maafa huvaa nguo mpya: "Mimi shangazi, tumepata mafuriko, tuma kwenye namba hii ya jirani." Mpigie shangazi kwa namba yake unayoijua. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ndiyo iliyotengwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo. Na kila mtu abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, isije kuwa anayewaibia wenzako anatumia jina lako.

Duru ya nne: Ukarabati usiofaa popote

MHANDISI: Sasa nina la kuuma. Tumezungumza kana kwamba kila nyumba inaweza kukarabatiwa. Nyingine haiwezi, hata afike fundi malaika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zibaki bila shughuli za kudumu. Nyumba iliyo ndani ya hapo, Msimbazi, Kizinga au mto Tegeta, utaitia saruji kila mwaka na mto utaichukua. Mwisho wa 2015 nyumba za bondeni zilipigwa X nyekundu, na kuanzia hapo hadi 2016 nyingine zikabomolewa. Sasa kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na walio katika eneo la mradi wamefanyiwa tathmini. Mtu kama huyo akimlipa fundi kujenga upya ukuta, au akimlipa dalali anayedai atampandishia tathmini, amepoteza mara mbili.

MAMA: Mwanangu, unasema mita 60 leo. Mimi nilionyeshwa kiwanja mwezi wa nane. Kikavu, kina minazi miwili, watoto wanachezea mpira. Dalali alisema ni tambarare nzuri. Karatasi ya mauziano ikapelekwa serikali ya mtaa, ikagongwa muhuri, nikatoa na asilimia iliyotakiwa. Mwenyekiti, muhuri ule ulinihakikishia nini?

MWENYEKITI: Mama, swali lako ni zito na sitalikwepa. Muhuri wa mtaa unashuhudia kwamba watu hawa wawili wameuziana. Haushuhudii kwamba pale panafaa kujengwa. Hilo ni la maofisa ardhi na mipango miji wa manispaa. Lakini najua mnunuzi haoni tofauti hiyo, anaona nembo. Na ziko ofisi zilizopokea asilimia na kunyamaza huku zikijua maji yanapita pale. Utapeli wa baada ya mafuriko mara nyingi umeanza miaka mingi nyuma, siku ya kuuza kiwanja.

MHANDISI: Na kulijua si kugumu. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam, ikiwemo Tandale, na kuonyesha maji yanafika wapi. Hata bila ramani, waulize wazee watatu wa mtaa na wapangaji wawili. Mpangaji hana sababu ya kukuficha alipobebea godoro.

FUNDI: Nami niongeze, uchimbaji wa mchanga mitoni. Wanaotuuzia tripu ya mchanga wa bei nafuu ndio hao hao wanaoukata ukingo, mto unapanuka, nyumba iliyokuwa mbali inakuwa ukingoni. Sisi mafundi tunaununua. Hili tulikubali, nasi tuache.

Duru ya tano: Makubaliano

MWANASHERIA: Nilianza kwa kumtaka mama awe na karatasi. Nimesikia, na sasa nasema karatasi hiyo iandaliwe kabla ya mvua, ikae ofisi ya mtaa, ukurasa mmoja kwa Kiswahili: jina na kitambulisho cha fundi, kazi ni ipi, vifaa ananunua nani, bei, tarehe ya kumaliza, mashahidi wawili majirani. Siku ya maafa mtu ajaze tu.

FUNDI: Nakubali, kwa sharti la malipo. Mwenye nyumba anunue vifaa, mimi nisishike hela ya saruji kabisa. Ufundi nilipwe kwa hatua: msingi ukikamilika, ukuta ukifika linta, kenchi ikipanda. Nisidai nusu kabla sijashika mwiko, naye asinikope nikishamaliza.

MAMA: Na mimi nibakize sehemu hadi mvua kubwa ya kwanza.

FUNDI: Mama, hadi mvua? Nitakula nini?

MAMA: Sehemu ndogo tu, fundi. Kama umejenga vizuri, mvua ni shahidi wako.

FUNDI: Moja ya kumi, isizidi. Na iandikwe kwamba ikipita mvua hiyo na ukuta ukasimama, nalipwa siku hiyo hiyo.

MWENYEKITI: Nami nitoe langu. Ofisi yangu iweke daftari la mafundi wa mtaa: ujenzi, umeme, mabomba, wa kupaua. Jina, picha, cheti kama kipo, nyumba alizojenga. Mwananchi akilalamika kwa ushahidi, iandikwe kando ya jina. Fundi mgeni anaruhusiwa, ila aanze kwa kuandikisha ofisini. Na baada ya mafuriko nitangaze msikitini, kanisani na kwenye kundi la simu la mtaa: hakuna kulipa mtu advansi siku tatu za kwanza, isipokuwa kushikilia ukuta unaoanguka, na hilo lifanyike mbele ya mjumbe.

MHANDISI: Na kabla ya hapo, watu wafuate utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ikifika chungwa, karatasi za kiwanja na vyeti vya watoto viingie kwenye mfuko wa nailoni vipande juu, mitaro izibuliwe, kila chumba na kila ukuta upigwe picha. Picha ya kabla ndiyo itakayoonyesha ufa upi ni mpya. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandikwe ukutani juu, maji yasikofika.

Msimamo wa mwandishi

Baada ya kuwasikiliza wote watano, mimi niko upande wa mama, kwa sababu ambayo fundi na mwanasheria wameisaidia kuonekana. Tapeli wa ukarabati anahitaji mambo mawili ili afanikiwe: haraka ya mwathirika na upweke wake. Ukimwambia mtu mmoja mmoja "kuwa mwangalifu" unamwachia vyote viwili. Analala nje, anaamua peke yake, halafu tunamcheka kwamba kaingizwa mjini. Hekima ya mtu mmoja haitoshi usiku ule, na si haki kumdai.

Ulinzi unaofaa ni ule uliopangwa na mtaa wakati wa jua: daftari la mafundi, karatasi ya ukurasa mmoja, malipo kwa hatua, katazo la advansi kwa siku za mwanzo, na ukweli juu ya viwanja vinavyopitisha maji usemwe kabla ya muhuri kugongwa. Hakuna kati ya hayo linalosubiri mkopo wa nje. Yanahitaji daftari, kalamu, kikao, na mwenyekiti anayekubali kuulizwa muhuri wake unashuhudia nini. Fundi mwaminifu hapotezi kitu hapo. Anapata kazi, maana jina lake limeandikwa.

Serikali kuu na manispaa nazo zina mzigo wao ambao mtaa hauwezi kuubeba, wa mito, mitaro na mipango miji, na tuendelee kuwadai. Lakini wakati tukidai, vuli huja Oktoba na masika Machi, bila kukosa. Mkutano ujao wa wakazi wa mtaa wako, nyoosha mkono, uombe ajenda moja: daftari la mafundi. Usitoke kikaoni kabla halijapewa mtu wa kulisimamia na tarehe ya kuanza.